Bibi mwenye maneno makali lakini hana hasira: Kiingereza chake ni kipi?

Binti wa Kiwira
Shikamooni wakubwa. Naandika habari za bibi yangu kwa Kiingereza, niwatumie watoto wa kaka waliozaliwa Uingereza, maana Kiswahili hawakijui. Bibi anauza ndizi sokoni Kiwira, na kaka amesomeshwa na ndizi hizo hizo. Mdomo wake unajulikana. Dereva wa lori akiziminyaminya bila kununua, anaambiwa: "Hizo haziumwi, daktari. Unanunua au unapita?" Mkono unaendelea kupanga chane, uso mkavu, wala hajakasirika. Dereva huyo huyo akilipa anaongezewa ndizi mbili. Kamusi ya kwenye simu inanipa bad-tempered, yaani mwenye hasira. Sitaki watoto wale wamwogope bibi yao. Niweke neno gani?

Mwalimu Mstaafu, Iringa
Marahaba binti. Kwanza tenga hasira na ulimi. Irascible na choleric ni watu wanaowaka upesi. La kwanza limebeba ira, yaani hasira kwa Kilatini. La pili limetokana na neno la Kigiriki la nyongo, kwa kuwa matabibu wa kale waliamini nyongo ikizidi mwilini mtu huwa mkali. Bibi yako hayumo humo. Grumpy ni mtu aliyenuna, anaweza asiseme neno kutwa nzima. Cantankerous ni mgomvi asiyeelewana na yeyote, na kwa kuwa husemwa sana kwa wazee litakuvutia. Liache.

Lake ni sharp-tongued: linataja ulimi tu, moyo halijaugusa. Lile jibu la daktari waweza kuliita tart, lina ukali wa ndimu. Waspish hapana, limetoka kwa nyigu, na ndani yake mna nia ya kuumiza. Na shrew likimbie kabisa! Ni kirukanjia, yule mnyama mdogo kama panya, na Waingereza wamelitumia karne nyingi kumtukana mwanamke anayejibu. Mwanamume mwenye mdomo uleule haitwi hivyo.

Mama Mwanjelwa
Mimi ningesema feisty, yaani mchangamfu asiyeogopa mtu. Wageni wanaokula kwangu hulitumia kusifia.

Mwalimu Mstaafu, Iringa
Wanasifia kweli, dada yangu, ila angalia nani huitwa hivyo: wanawake, wazee, watu wenye umbo dogo. Asili yake ni jina la aina ya kijibwa huko Marekani. Anayelitamka anakuwa kama anamtazama mwenzake kutoka juu. Mama aliyesomesha watoto kwa ndizi apewe neno linalosimama naye sawa.

Kijana wa Mafinga
Cranky je?

Mwalimu Mstaafu, Iringa
Wamarekani husema hivyo kwa mtu aliyekereka, hata mtoto aliyekosa usingizi. Inapita akilala. Ya bibi haipiti.

Binti wa Kiwira
Ndaga fijo, mwalimu. Bad-tempered nimefuta, nimeweka sharp-tongued, na jibu la dereva nimelitafsiri lote chini yake. Mama amesoma akasema niongeze kwamba watu wakigombana pale sokoni, anayeitwa kuwapatanisha ni bibi. Nalo naliandika usiku huu.