Je, sauti nne ndizo jadi ya Kanisa la Armenia?

Mwalimu wa Kwaya, Nyegezi

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Baada ya mazoezi ya juzi niliwasikilizisha wanakwaya wangu Patarag, yaani Misa ya Kanisa la Armenia. Sehemu moja iliimbwa kwa sauti nne na kinanda; nyingine aliimba mtu mmoja, wenzake wakiishikilia nota moja chini yake bila kuiachia, na mara kwa mara ulisikika mlio kama wa njuga. Wanakwaya walikubaliana kwamba sauti nne ndizo za kale, kwa sababu zinafanana na nyimbo tulizorithi kwa wazee wetu. Je, wako sahihi? Nauliza kwa uzito, kwani nasi hatujamaliza kuvutana kuhusu ngoma na kinanda.

Alto wa Kirumba

Milele amina. Mwalimu, ni kinyume chake. Tenzi za kale, ziitwazo sharakan, huimbwa kwa sauti moja katika tuni nane, kwa Kiarmenia cha kale, na nota ile inayoshikiliwa huitwa dam. Sauti nne ni za juzijuzi: mtunzi Makar Yekmalian alichapisha Patarag yake huko Leipzig mwaka 1896, na ile ya Komitas, padre na mtunzi wa Kiarmenia, iliyoandikwa kwa sauti za wanaume, ilichapishwa Paris mwaka 1933, miaka miwili kabla hajafariki. Mimi siiti kazi ya Komitas uharibifu, kwa kuwa alizisikiliza kwanza nyimbo zenyewe zinakoelekea, ndipo akazitafutia sauti za kuzisindikiza. Mlio wa njuga ni wa kshots, bamba la duara lenye mpini, lililozungushiwa kengele ndogo, ambalo hutikiswa altareni.

Mzee wa Kisesa

Wanangu, linalonigusa mimi ni maandishi. Waarmenia walikuwa na alama zao, khaz, zilizoandikwa juu ya maneno tangu zama za kati, lakini waliojua kuzisoma walipungua hadi maana yake ikapotea, nyimbo zikabaki vichwani mwa waimbaji. Mwanzoni mwa karne ya 19 Hampartsoum Limondjian, wa Constantinople, alibuni mfumo mwingine wenye alama saba za msingi, na katika miaka ya 1870 Nikoghayos Tashjian aliutumia kuandika sharakan kama zilivyoimbwa Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa hilo. Ninalo daftari la marehemu kaka yangu, aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Nota ni zile zetu za d, r, m, kwa penseli, lakini juu ya baadhi ya maneno ya Kisukuma amechora vimkunjo vidogo vya kuonyesha sauti ipindwe vipi. Nyimbo ni kumi na moja. Mimi nakumbuka mikunjo ya nyimbo nne tu.

Mwalimu wa Kwaya, Nyegezi

Shikamoo Mzee. Ahsante dada kwa ufafanuzi. Mzee, ukiniruhusu, Jumamosi nitafika Kisesa pamoja na vijana wawili na simu ya kurekodia, utuimbie hizo nne.