Naomba ushauri: spika ya kubebeka kwa ajili ya kinanda

Wakuu, heshima kwenu.

Napiga kinanda, Yamaha PSR-E473, kwenye shughuli ndogo hapa Dar: send-off za nyumbani, ibada za jumuiya, wakati mwingine mgahawani. Watu hawazidi hamsini, na usafiri wangu ni bajaji.

Kwa sasa naazima ampu ya gitaa. Sauti za kati zinatoka vizuri, lakini mkono wa kushoto ukigusa besi inaanza kukwaruza, na piano inasikika kama imefunikwa blanketi. Nataka kitu kinachotoa sauti ya kinanda ilivyo, chenye sehemu ya kuchomeka maiki moja, na kisichozimika umeme ukikatika katikati ya wimbo. Hili la umeme ndilo linaniumiza zaidi, maana bibi harusi hawezi kusubiri jenereta.

Nimezitazama tatu. Roland KC-200 ina wati 100 na spika ya inchi 12, ila ina kilo 22 na inategemea umeme wa ukutani. Roland CUBE Street EX ina wati 50 na inatumia betri ndogo nane za AA. Bose S1 Pro ina kama kilo 7 na betri ya kuchaji, ila bei yake inatisha.

Moyo wangu uko kwa Bose. Aliyewahi kuipigia kinanda uwanjani, penye kelele za watu: besi inasimama, au inamezwa? Na je, mtumba wake niukague wapi hasa kabla ya kutoa hela, betri au spika yenyewe?