Wino wa fulana usio na PVC: wachapaji wa Mwanza na Kanda ya Ziwa naombeni ushauri

BintiWaIgoma

Wakuu habari za majukumu. Nachapa fulana hapa Igoma, kazi ya mkono tu, meza ya rangi nne, hit presi moja (mashine ya kubana nguo kwa joto) na hita ya kukaushia niliyotengenezewa na fundi wa mtaani. Wateja ni wale wale wa wote, vikoba, kwaya, kipaimara, fulana za msiba, na mwaka wa uchaguzi ndo tunapumua. Natumia wino wa plastisoli tangu naanza na sijawahi kugombana nayo.

Sasa nimepata oda ya chekechea moja, fulana nyeupe za watoto na zingine nevi bluu za walimu, zote kotoni. Msimamizi wao kaniambia wafadhili hawataki wino wenye PVC, ile plastiki ya mabomba, na wanataka na karatasi ya kuonyesha hivyo. Nikapiga simu duka ninalonunulia, kaka wa pale akanijibu chukua huu umeandikwa hauna thaleti, ni kitu kimoja hicho dada usihangaike. Sijaridhika. Ni kitu kimoja kweli? Na kama sio, ninunue wino gani ambao mtu asiye na drayer ya mkanda (oveni ya kupitisha nguo) anaweza kuuivisha, maana wa maji nasikia ukifuliwa mara mbili umeisha. Jibuni taratibu mi sio mkemia.

MzeeWaSkwiji

Dada usitoe hela kwanza. Sio kitu kimoja hata kidogo.

Plastisoli ni unga wa PVC uliovurugwa kwenye mafuta ya kulainisha, ndo maana haikauki hata ukiisahau kwenye skrini wiki nzima, inasubiri moto tu, ikifika nyuzi kama 160 ule unga unayanywa yale mafuta na vyote vinaungana kuwa ngozi moja juu ya fulana. Zamani mafuta yenyewe ndo yalikuwa thaleti. Marekani wakapitisha sheria mwaka 2008 ya kubana thaleti kwenye midoli na vitu vya watoto, zisizidi asilimia 0.1, na Ulaya nao wana kikomo hicho hicho kwa aina kadhaa za thaleti, basi viwanda vikabadilisha mafuta. Unga haukuguswa. Kwa hiyo kopo la "haina thaleti" PVC imo tele, na huyo kaka hajakudanganya kwa makusudi nadhani, anasoma alichoandikiwa kwenye kopo.

Ambao hauna PVC kweli uko wa namna tatu hivi kwa sisi wa mkono. Kuna wa maji, yaani pigmenti (unga wa rangi) na binda (gundi) ya akriliki au poliyurethani, maji yakiruka binda inashika uzi. Kuna wa silikoni ambao ni wa jezi na nguo za kuvutika, bei yake utakaa chini. Na kuna wa dischaji, huu nao ni wa maji ila unatiwa dawa ya kuondoa rangi ya kitambaa halafu pigmenti inakaa mahali pake. Kwa chekechea mi dischaji nisingeigusa, ile dawa inatoa formaldehaidi na harufu ya yai viza, inataka hewa nyingi ipite chumbani na nguo ifuliwe kabla mtu hajaivaa. Sasa nani atafua mzigo wa watoto wote hao, wewe?

Kwa fulana nyeupe wala usiumize kichwa, wa maji wa kawaida unatosha na utapenda mwenyewe, ukipitisha mkono husikii kitu. Kazi iko kwenye nevi bluu. Wa maji wa kawaida ukiuweka pale unazama unapotea, inabidi ununue mweupe mzito, ule wanaouita hai opasiti, skrini ya 43T (nyuzi 43 kwa sentimita), unapiga, unakausha kidogo na hita yako, unapiga tena. Hata hivyo usitegemee weupe wa plastisoli. Ningekuwa mimi ningeongea na msimamizi walimu nao wavae nyeupe au bluu ya mawingu, unaokoa wino na usingizi.

Sato_Mkavu

Mwaka wa uchaguzi ndo tunapumua 😂😂 umeongea ukweli mtupu dada, miaka mingine tunaishi kwa misiba

Kirumba_Prints

Naongezea kwa mzee hapo juu kuhusu kuivisha, maana hapa ndo watu wanaulaumu wino bure. Habari ya kufua mara mbili umeisha inatokana na wino ambao umekauka lakini haujaiva, na hivyo ni vitu viwili. Ukishika kwa kidole unaona mkavu unafunga mzigo unapeleka, kumbe binda haijafunga. Maji lazima yatoke yote kwanza, ndipo joto lianze kupanda kwenye wino wenyewe, wenye viwanda wanasema nyuzi 150 au 160 na dakika moja na nusu hadi tatu kutegemea kopo. Drayer ya mkanda yenye upepo inafanya yote kwa mkupuo, wewe na hit presi inabidi ugawanye kazi. Kausha kwa hita hadi usione mvuke, au anika chini ya bati wakati unachapa zingine, afu ndo upeleke kwenye presi na karatasi ya kuokea juu, bana kidogo, fungua mvuke utoke, bana tena. Ukiubana mbichi mvuke unakosa njia unabaki humo humo, na wino unakuja na karatasi.

Pima joto la wino, usiamini namba ya mashine. Kile kipimajoto cha bastola sio kile cha paji la uso cha enzi za korona jamani, kile kinaishia nyuzi arobaini na kitu, chukua cha mafundi friji.

Umeme ukiwa wa mashaka nunua na fiksa. Unachanganya kiasi kidogo kwenye wino kabla ya kuchapa na inamalizia kuiva yenyewe hata kwa joto dogo, siku mbili tatu. Kipimo kiko kwenye kopo lake, usikisie, na vaa glovu maana nyingi ni jamii ya aisosayaneti, ngozi na mapafu haviipendi. Changanya wa kutumia siku hiyo tu, ukilaza kesho unakuta jiwe.

Na kabla ya kuchapa mzigo chapa moja, iache siku tatu, mpe mama mmoja aifue kama anavyofua kwake, kwa kusugua, sio mashine. Ikitoka salama endelea.

MzeeWaSkwiji

Kirumba umesema vyema. Hapo hapo kwenye kufua weka na pasi. Plastisoli haipendi pasi, ukiipitishia pasi ya mkaa inalainika upya inaburuta hadi kwenye kola, akina mama wanalijua hilo wote. Wa maji ulioiva unapigwa pasi hauna habari. Hiyo mwambie na mteja, kwa nguo ya mtoto ni jambo kubwa kuliko karatasi za wafadhili.

DogoWaNyegezi

Mi naona mnamtisha dada wa watu. Nimechapa plastisoli miaka na hamna mtoto kaugua. Hizi PVC mbona ziko kwenye mabomba ya maji, waya, makapeti, kila mahali, wazungu wanatuchagulia tu.

MamaChapaMusoma

Dogo hakuna aliyesema plastisoli ni sumu ya papo hapo. Ikishaiva vizuri juu ya fulana imetulia. Shida yake iko kwenye mafuta yale kama ni ya kizamani, mtoto ananyonya kola na kifua cha fulana siku nzima, na iko mwisho wa nguo. Fulana ikichakaa inafanywa dekio, dekio likichoka linachomwa nyuma ya nyumba na takataka, na PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi ya haidrokloriki na moshi usiofaa kabisa. Huku kwetu nani anapeleka nguo kuukuu kiwandani? Zinaungua tu. Kwa hiyo hata kama ni mzungu kasema, kasema.

Ila na mimi nina langu kwenu wachapaji wa Mwanza. Mnahangaika na PVC, emulsheni, ile dawa ya kupaka skrini inayogandishwa na mwanga, mnachanganya na nini? Wengi bado mnatumia ile chumvi ya rangi ya chungwa, bikromati, mkono mtupu, skrini mnaoshea mferejini na mfereji unaingia mto Mirongo na Mirongo unaingia ziwani, na maji ya kunywa ya mji yanavutwa ziwani humo humo pale Capri Point. Bikromati ni kromiamu ile mbaya inayoleta saratani. Mteja wako anayetaka usafi akija kuona karakana atauliza hilo kabla ya wino. Tafuta emulsheni ya diazo au ambayo imeshachanganywa tayari. Na hata hivyo kwa wino wa maji inabidi ubadilishe tu, emulsheni ya kawaida inayeyuka na maji ya wino katikati ya kazi unaona matundu yanafumuka, unahitaji inayostahimili maji, uipige mwanga wa kutosha, na ukishaiosha na kukauka irudishe juani ikomae.

Wino wa maji nao sio juisi jamani. Unaosha kwa maji bila petroli wala thina, hiyo ni raha, lakini kwanza futa wino wote uliobaki urudi kwenye kopo, kombeleza kwa kadi, makombo yaache yakauke kwenye ndoo uyatupe yakiwa makavu. Usimwage mferejini eti kwa sababu umeandikwa wa maji.

BintiWaIgoma

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mama Musoma hapo kwenye bikromati umenigusa, nayo ntabadilisha. Maswali yamebaki mawili. La kwanza, mnafanyaje wino usikaukie kwenye skrini, maana hapa kwangu mchana upepo wa ziwa ukianza hata rangi ya ukutani inakauka kwenye brashi. La pili hiyo karatasi naipata wapi, na ntajuaje muuzaji hajanibandikia lebo tu?

Kirumba_Prints

Upepo: funga dirisha la upande wa ziwa, zima feni, anza saa moja asubuhi. Kila ukishapiga rudisha wino uifunike skrini yote, usiache matundu wazi hata ukienda kupokea simu. Weka chupa ya kupulizia maji pembeni, na kuna ritada ya kuchelewesha kukauka unatia kidogo. Usitumie meshi nyembamba kama mchoro hauna vitu vidogo, kwa nyeupe 55T inakupa nafasi. Ukisikia njaa, osha skrini kwanza ndo ule.

MhasibuWaRangi

Kuhusu karatasi. Muuzaji mwombe ile karatasi ya usalama ya SDS kwa jina na namba kamili ya wino, sio ya kampuni kwa ujumla. Ukiona humo namba 9002-86-2 hiyo ndo PVC yenyewe, imekwisha. Lakini usipoiona usishangilie, kwa sababu SDS inataja vitu vya hatari na PVC ikiwa polima mara nyingine haiandikwi. Kwa hiyo omba na barua ya kiwanda inayosema bidhaa hii haina PVC. Vyeti navyo havilingani. GOTS, cheti cha nguo za nyuzi hai, inakataza PVC moja kwa moja kwenye uchapaji, hicho kikiwepo umemaliza. OEKO-TEX Standard 100 inapima kemikali zenye madhara, na daraja lake la kwanza ni la watoto wa chini ya miaka mitatu, ni kizuri sana, ila chenyewe hakimaanishi hakuna PVC. Wafadhili wengi hawajui tofauti, wewe wape barua ya kiwanda uwamalize.

Majina ya wino wa maji ambayo utakuta viwanda vyao vina hizo karatasi ni kama Permaset Aqua wa Australia, Matsui wa Japani, Magna wa Uingereza. Agiza kwa wakala Dar mzigo uje na basi hadi Nyegezi, au Nairobi kwa njia ya Sirari. Kwa kilo utaona ni ghali, ila unatandikwa mwembamba kuliko plastisoli, piga hesabu kwa fulana usipige kwa kopo.

Lebo ya kubandika unaikamata kwa waya wa shaba. Menya waya wa umeme, choma ncha kwenye moto wa gesi hadi usitoe rangi, uguse wino uliokauka ukiwa bado wa moto, rudisha kwenye moto. Ukiwaka kijani kibichi kuna klorini. Fanyia nje na usivute ule moshi. Na tumia wino mweupe au bezi (wino wa msingi) isiyo na rangi, kwa sababu pigmenti za kijani na baadhi ya za njano zina klorini zenyewe, utamsingizia muuzaji wa watu.

Sato_Mkavu

Huo waya nimeenda kuujaribu sasa hivi kwenye "wino wa maji" wa kopo lisilo na jina nililouziwa. Kijani kama jezi ya Yanga. Na ni mweupe!

DogoWaNyegezi

😳 sasa na hizi DTF (picha zinazochapwa kwenye filamu) na vinyl tunazobandika je?

MhasibuWaRangi

DTF kwa kawaida filamu yake ni plastiki ya PET na ule unga wa gundi ni poliyurethani, kwa hiyo PVC haimo. Vinyl ya kukata inategemea roli, ziko za PVC na ziko za PU (poliyurethani), soma ubavuni mwa roli au lete waya wako.

BintiWaIgoma

Basi nimeongea na msimamizi, walimu wamekubali bluu ya mawingu. Wino naagiza kesho na barua ya kiwanda nimeiomba kabla ya kulipa, kaka wa duka kanuna lakini kasema atauliza. Sato usilitupe hilo kopo, mrudishie aliyekuuzia na waya wako mkononi.