Njumu za sponji kwenye mpini wa fimbo ya kuvulia: mbona gundi inabaki juu?

Mvuvi_Fundi: Wakuu, habari zenu. Natengeneza fimbo za kuvulia kwa mkono, sasa najifunza kutia njumu, yaani kupachika vipande vya rangi nyingine, kwenye mpini wa EVA, ile sponji ngumu kiasi ya plastiki. Nilichukua kipande cheusi, nikakitoboa kwa bomba la shaba nililolinoa mdomo, nikapachika vizibo vyekundu vya sponji kwa gundi ya epoksi, nikakereza na kusugua kwa msasa nilioushika kwa vidole. Kwa macho kinapendeza. Lakini ukipitisha kidole, kinakwama kwenye kila duara. Kuna kituta chembamba kama uzi. Na maduara mengine yamevutika kama yai. Fimbo ni ya mzee wangu mwenye baridi yabisi vidoleni, kwa hiyo sitaki kabisa kitu cha kumkwaruza. Nimekosea wapi?

MkonoMwepesi: Pole mkuu. Ni hiyo epoksi. Ikikauka inakuwa ngumu kuliko sponji, kwa hiyo msasa unakula sponji na kuiacha gundi imesimama. Tumia gundi ya mpira, ile ya kupaka pande zote mbili na kusubiri ikauke kidogo.

Kekee: Hapo sikubaliani nawe ndugu yangu. Gundi ya mpira ni nzuri kwa kubandika vipande bapa. Kizibo kinapaswa kuteleza ndani ya tundu, na gundi hiyo ikigusana tu imeshika. Kitakwama nusu njia. Mimi natumia ya poliyurethani, kiasi kidogo mno, na sponji naipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kwanza. Inavimba ikikauka, lakini povu lake linasagika kirahisi. Funga kwa utepe pande zote mbili, la sivyo itakisukuma kizibo nje.

Kizibo nacho usikikate kwa bomba lile lile lililotoboa tundu. Kitapwaya kwa unene wa ukuta wa bomba, na pengo hilo ndilo linalojaa gundi. Kikate kwa bomba la saizi kubwa inayofuata, kiingie kwa kubana kidogo.

Bibi_Ndoano: Kuhusu mayai: tundu lako halikupita katikati ya mpini. Likikwepa pembeni, duara lazima livutike upande mmoja. Laza sponji kwenye kibao chenye mfereji wa V chini ya drili, bomba lizunguke lenyewe, wewe shuka polepole. Ukisukuma kwa nguvu sponji inabonyea, na ikirudi tundu limepinda.

Huo mpini usiutupe, mwanangu. Tatizo lingine ni kusugua kwa vidole, maana kidole kinachimba palipo laini. Zungushia msasa namba 400 mpya kwenye kibao kigumu, gusa kidogo kidogo. Ukikandamiza, sponji inapata joto na kung'aa vibaya. Vumbi jeusi lipulize kila mara kabla halijaingia kwenye vitundu vidogo vya sponji nyekundu.

Mvuvi_Fundi: Nimerudi wakuu. Kibao kimefanya kazi. Vituta vimeisha isipokuwa kimoja karibu na kiti cha rili (panapofungwa kigurudumu cha kukunjia uzi), na hicho nitakitoa nikapachike upya kwa poliyurethani. Asante sana Bibi. Mzee ameushika, akapitisha kidole gumba mara mbili, akaniuliza hiyo nyekundu nimeipaka kwa rangi gani.