Majirani wa Mwanga, Kigoma: safari ya maporomoko ya Kakombe

Mama Rehema: Mwakeye majirani. Wale wa maporomoko ya Kakombe kule Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, tumefika 11. Kabla sijaanza kukusanya hela nina swali: si tupande zile boti za abiria za ufukwe wa Kibirizi tubane matumizi? Twende asubuhi, jioni tuwe nyumbani.

Juma Kibirizi: Mama Rehema, kwa boti ya abiria hamrudi siku hiyo. Zinaondoka Kibirizi kuanzia saa 6 mchana, zinashusha watu kijiji kwa kijiji, Gombe mnafika kama saa 9. Zinazokuja mjini zinapita pale asubuhi, saa 1 hivi. Hapo katikati mmelala.

Juma Kibirizi: Na Jumapili hazitembei.

Mama Rehema: Doh. Basi kukodi.

Juma Kibirizi: Kukodi. Na inakodiwa boti nzima, siyo kichwa. Mkataba useme wazi: mafuta ya nani, boti inasubiri pale pale mpaka mrudi, na inaondoka saa ngapi. Ukisema tu "kwenda na kurudi", nahodha anaweza kushusha watu akaenda kutafuta riziki nyingine, mkamngojea ufukweni mpaka giza.

Shemeji Salum: Kwani hakuna barabara? Nina mtu wa Noah.

Dada Neema: Shem, Gombe haina barabara. Ni ziwa tu. Milima inashuka mpaka majini.

Baba Eliya fundi: Mafuta hesabu yake ni hii. Mjini hadi hifadhini ni km 16, Kasekela mnakoshukia ipo mbele kidogo. Boti ya mbao, watu 11, injini ya nguvu za farasi 40 ya kuchanganya oili na petroli, weka saa moja na nusu. Injini hiyo ukiiendesha kwa mwendo wa kawaida inakunywa kama lita 15 kwa saa, ukiifungua yote inaelekea 20. Kwa hiyo kwenda lita 23, kurudi weka 30, akiba 25. Jumla madumu manne ya lita 20.

Shemeji Salum: Kurudi mbona zaidi? Njia si ile ile?

Mzee Hamisi: Njia ile ile, upepo siyo ule ule. Kuanzia Mei mpaka Septemba ziwa hili lina kusi. Gombe ipo kaskazini yetu. Mkienda kusi inawasukuma mgongoni, mtasema ziwa limetulia. Mkigeuza pua ya boti kuja Kigoma mnakutana nayo usoni, mawimbi yanapiga mbele, nahodha anapunguza mwendo na injini bado inafanya kazi kubwa. Huko ndiko mafuta yanakoishia. Anayepima dumu wakati wa kwenda akalizidisha mara mbili, huyo hajapima.

Mama Rehema: Shikamoo Mzee. Nilikuwa nafikiria hivyo hivyo, mara mbili 🙈

Mzee Hamisi: Marahaba mwanangu. Mwambieni nahodha arudi akifuata ufukwe, asikate katikati. Ile milima ya mashariki inakinga kiasi, na likichafuka ana pa kuingia. Mtanga mnaipita mara tu mkitoka hifadhini, kisha kuna Kalalangabo kabla ya Kibirizi. Kulala kijijini siyo aibu.

Baba Eliya fundi: Oili sasa. Moja kwa hamsini: dumu la lita 20 linataka mililita 400. Madumu manne, lita moja na mililita 600. Soma kibandiko cha injini kwanza, za zamani nyingine zinaomba zaidi. Anayekadiria kwa kifuniko ndiye anayeharibu pistoni. Ikiwa nyingi plagi inaloa, injini inakohoa na kuzima. Ikiwa kidogo inajikaza moto, na hapo hamna dawa ya ziwani.

Baba Eliya fundi: Na madumu yawe makavu. Dumu lililobeba maji ya kunywa jana halifai leo. Maji yanakaa chini ya petroli, boti ikianza kuyumba yanavutwa.

Juma Kibirizi: Fundi ongezea vya kubeba.

Baba Eliya fundi: Plagi mbili mpya, spana ya plagi, pini ya propela, kamba ya kuwashia, koleo, tochi. Kabla hamjatoka Kibirizi injini iwashwe, kila mtu aangalie pale pembeni inapokojoa maji ya kupoza. Mkojo uwe wa nguvu na usikatike. Ukiona unadondoka matone, tundu la kuvuta maji limeziba, mara nyingi mchanga au majani, kwa sababu boti zetu zinavutwa ufukweni injini ikiwa imeshushwa. Mkirudi kutoka maporomokoni angalieni tena mkojo. Saa zote hizo boti imekaa kwenye mchanga wa Kasekela ikipigwa na mawimbi.

Bibi Zainabu: Sauti hizi za mikojo usiku huu jamani 😂

Mama Rehema: Bibi 😂😂 Saa za kuondoka je? Nimewaambia watu saa 11 alfajiri.

Mzee Hamisi: Saa 11 ni giza. Jua la Kigoma Julai linachomoza saa 1 na kitu, tuko magharibi kabisa mwa nchi na saa tunatumia ya Dar. Kwenye giza mtapita juu ya nyavu za wavuvi wa dagaa, kamba iingie kwenye propela. Ondokeni saa 1 kamili, pameshaonekana.

Dada Neema: Saa 1 kutoka, saa 2 na nusu Kasekela. Ofisini nusu saa: majina, malipo, maelezo ya muongozaji. Saa 3 mnaanza kutembea, maporomokoni mnafika kama saa 3 na nusu. Ni karibu jamani, dakika 20 hadi 30 kwa mtu anayetembea kawaida. Watu wanadhani ni safari ya mlima, kumbe kazi yote ipo ziwani.

Mama Rehema: Nusu saa tu?

Dada Neema: Tu. Mnaingia na bonde la kijito cha Kakombe, kuna michikichi chini, kisha msitu unafunga juu, mnavuka maji kwa mawe. Wakitaka kupanda kileleni, wanapopaita watu kilele cha Jane, huo ni mwinuko mkali, saa nzima na zaidi, nyasi na jua. Kwa siku moja na watu 11 mimi nisingepanda. Chagueni maji.

Juma Kibirizi: Na muongozaji ni lazima, siyo hiari. Msitu wa Gombe hauingiwi bila yeye.

Mama Rehema: Malipo tunalipa pale mlangoni?

Dada Neema: Msibebe pesa mkononi mkitegemea hiyo. Hifadhi za taifa (TANAPA) zinalipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali unayolipia kwa simu au benki. Namba ichukuliwe mkiwa mjini, mlipe mkiwa mjini, risiti muwe nayo kwenye simu na nyingine kwenye karatasi. Mtandao bondeni usiutegemee. Kila mtu kitambulisho cha NIDA, maana Mtanzania na mgeni hawalipi sawa.

Shemeji Salum: Nina ndugu anakuja kutoka Bujumbura. Atahesabiwa mgeni?

Dada Neema: Raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao. Aje na pasi au kitambulisho cha kwao, asije na maneno.

Mama Rehema: Halafu nina watoto wawili, wa miaka 9 na 13.

Dada Neema: Hapo simama. Chini ya miaka 15 haruhusiwi kufuatilia sokwe. Na njia ya maporomoko inapita humo humo wanamotembea sokwe. Ulizeni ofisi ya hifadhi kabla hamjalipa, siyo mkiwa mmeshashuka kwenye boti. Ama sivyo mtu mzima mmoja anabaki nao ufukweni siku nzima. Mimi ningewapeleka ufukwe wa Jakobsen siku nyingine, maji ni yale yale na hakuna wa kuwakataza.

Mama Rehema: Nimeelewa. Wanabaki kwa bibi yao.

Bibi Zainabu: Bibi yao hajaulizwa. Lakini waje.

Bibi Zainabu: Chakula nani anapika? Nikaange samaki, migebuka, na ugali wa muhogo?

Dada Neema: Bibi, chakula kinaliwa ufukweni tu, ndani ya yale mabanda yaliyozungushiwa wavu wa waya. Pale binadamu ndiye anakaa kwenye tundu, nyani wako nje wanamtazama. Hawaogopi mtu. Mfuko ulioshikwa mkononi wanauchukua mkononi. Msituni hakuna kula kabisa, hata pipi, hata karanga za mfukoni.

Bibi Zainabu: Basi ndoo yenye mfuniko.

Dada Neema: Ndoo yenye mfuniko wa kubana, na kamba juu yake. Ndizi na maembe msibebe, nyani wanavijua kwa mbali. Migebuka ya kukaanga sawa, chapati, mayai ya kuchemsha. Maji ya kunywa lita 2 kila mtu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, msiende nayo hifadhini kuomba ugomvi. Takataka zote zinarudi mjini kwenye ndoo ile ile.

Kaka Daudi: Mafua kidogo yanazuia? Naona watu wanaongelea barakoa.

Dada Neema: Yanazuia. Usije Daudi. Sokwe wanashika magonjwa yetu ya kifua, na kwao kikohozi kinaua. 1966 ugonjwa wa polio uliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakapooza mikono. Ndiyo maana ya barakoa na ile mita 10 ya kukaa mbali nao mnayoambiwa. Na muda na kundi la sokwe ni saa moja, mkikutana nao.

Kaka Daudi: Nimekohoa mara moja tu jamani.

Mama Rehema: Tumebaki 10.

Baba Eliya fundi: Toa lita 2 kwenye hesabu 😀

Shemeji Salum: Tukikutana nao njiani tunafanyaje?

Dada Neema: Mnatoka njiani, mnakaa upande mmoja, wote pamoja. Msijigawe huku na huku sokwe akajikuta katikati. Dume likija mbio na nywele zimesimama, mara nyingi linajionyesha kwa wenzake, siyo kwenu. Shika mti, tulia, usikimbie, usipige kelele. Simu iwe kimya na mwanga uzimwe.

Dada Neema: Na pale maporomokoni wana jambo lao. Madume yakifika chini ya maji, hasa maji yakiwa mengi, yanaanza kuyumba mguu kwa mguu, yanabembea kwenye mimea ya kutambaa ya msituni, yanarusha mawe kwenye kijito. Inaweza kufika dakika 10. Kisha mmoja anakaa kwenye jiwe, anatazama maji yanavyoanguka. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika hapo Julai 1960, aliliandika sana hili, mpaka akajiuliza kama ni namna ya kustaajabu. Msilitegemee lakini. Sokwe hawana ratiba.

Mama Rehema: Maji Julai yapo?

Dada Neema: Yapo. Yanashuka kwenye ukuta wa mwamba kama mita 25. Masika ni mengi lakini njia ni utelezi, kila jiwe lina sabuni. Sasa hivi njia ni kavu, maji yamepungua unene lakini yanaonekana vizuri. Septemba na Oktoba ndipo yanakuwa membamba.

Juma Kibirizi: Chini pale pana baridi, upepo wa maji unalowesha mpaka mita kadhaa. Simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Mawe ya karibu na maji yana utelezi, yanaonekana makavu kumbe siyo. Msisimame chini kabisa maji yanapoangukia, kijiti au jiwe linaweza kuja na maji.

Dada Neema: Viatu vya raba vyenye meno. Siyo ndala, siyo vile viatu vya Ijumaa. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, kwa ajili ya siafu. Mkikuta msafara wa siafu ruka, endelea mbele hatua kumi, ndipo ujikung'ute. Anayesimama juu yao kujikung'uta anaongeza.

Shemeji Salum: Kuogelea ziwani baada ya hapo? Maji ni meupe kabisa.

Mzee Hamisi: Meupe, na kichocho kipo. Kuna na swila wa maji kwenye mawe. Mwulize muongozaji mahali, usijichagulie. Karibu na midomo ya vijito na kwenye majani usiingie.

Mama Rehema: Mzee, boti tuangalie nini? Tutaletewa tu pale asubuhi.

Mzee Hamisi: Angalia ubao uliobaki juu ya maji mkishakaa wote na mizigo. Shubiri mbili au zaidi, nendeni. Shubiri moja, mtu au mzigo ushuke. Maboya ya kuvaa yahesabiwe kwa vichwa na yavaliwe Kibirizi, siyo yakaliwe kama mto. Madumu na ndoo yakae katikati chini. Na hili lishikeni: mkikaribia Gombe mtaona nyani ufukweni, wote mtataka kuinuka upande wa kulia na simu. Boti haisubiri wimbi ndipo ipinduke, watu wakiinuka pamoja inatosha.

Juma Kibirizi: Kushuka Kasekela ni mbele, mmoja mmoja, nahodha ameshika injini. Nyuma ndiko wimbi linaingilia.

Mama Rehema: Na mwisho wa kuondoka kule?

Mzee Hamisi: Saa 8 mchana injini iwe inawaka, sokwe wameonekana au hawajaonekana. Mkikutana na kusi kali mnatumia saa mbili na zaidi, mnafika Kibirizi saa 11, bado kuna jua la kutosha kama kitu kimeharibika. Na utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) usomwe jioni ya kuamkia safari. Wakisema mawimbi makubwa, mnaahirisha.

Shemeji Salum: Hela ya boti inarudi?

Juma Kibirizi: Andikeni kwenye mkataba kabla ya kulipa. Malipo ya awali kidogo, baki mkirudi. Ukilipa yote huna cha kuzungumza.

Mama Rehema: Sawa. Jumamosi, watu 10. Juma unatuonea nahodha mwenye leseni na maboya 11, la nahodha likiwemo?

Juma Kibirizi: 12. Ana msaidizi.

Baba Eliya fundi: Nileteeni namba ya injini kesho niwaambie plagi ipi. Za dukani zote zinafanana, urefu wa uzi ndio unatofautiana, na iliyo ndefu inagonga pistoni.

Bibi Zainabu: Na mimi nahitaji kujua migebuka mingapi kabla ya Ijumaa saa 4, sokoni inaisha.