Je, tofauti ya mali ndiyo iliyowaua Romeo na Juliet?

Mwalimu wa Fasihi, Lamu
Assalamu alaykum. Wanafunzi wangu wanataka kuigiza tamthilia ya Romeo na Juliet, na wamependekeza msichana awe wa nyumba ya kiungwana ya Mkomani, naye mvulana awe mtoto wa mvuvi wa Langoni, ili ionekane wazi kuwa mali na nasaba ndizo zilizowaangamiza. Nasita. Je, hatutakuwa tumetunga mchezo mwingine kabisa?

Msomaji wa Shela
Waalaykum salaam, mwalimu. Mtakuwa mmetunga mwingine. Shakespeare anatangulia kusema kwamba nyumba hizo mbili za Verona zinalingana kwa hadhi. Kwa kauli ya kwetu, Romeo ni kufu yake Juliet, na lau si uhasama wa nyumba hizo, mzee yeyote angeipokea posa yake. Mali inaingia kwa mlango mwingine. Babake Juliet, ambaye mwanzoni alimtaka Paris, kijana anayemposa Juliet, asubiri miaka miwili kwa kuwa binti hajatimiza hata miaka 14, anageuka na kupanga harusi ndani ya siku chache, akijisifia nasaba na mashamba ya mkwe huyo aliye jamaa wa mtawala. Binti anapokataa, anaambiwa akaombe, afe njaa, afie barabarani. Tishio kama hilo lina uzito kwa sababu kila alicho nacho Juliet ni cha babake.

Bint Langoni
Msimsahau muuza dawa wa Mantua, ambaye anamuuzia Romeo sumu kwa dukati 40 (sarafu za dhahabu) ilhali sheria ya mji inamhukumu kifo, akisema kwamba kinachokubali ni umaskini wake, si hiari yake. Wazee wa nyumba hizo mbili nao, maiti za watoto wao zikiwa mbele yao, wanaahidiana sanamu za dhahabu! Wanafunzi wakitaka tofauti ya tabaka, wachukue tamthilia ya Friedrich Schiller ya mwaka 1784, *Kabale und Liebe*. Ferdinand ni mwana wa waziri, Luise ni binti wa mpiga muziki. Wazazi wa Luise wanakamatwa, naye ili kuwaokoa analazimishwa kuandika barua ya mapenzi kwa mtu asiyempenda, barua ambayo Ferdinand anaiamini hadi kutia sumu katika sharubati ya ndimu wanayokunywa wote wawili. (Ingawa sisi wa Langoni tumechoka kuigizwa kama maskini.)

Ustadhi
Mwalimu, mkiuleta mchezo Lamu, watazamaji watauliza jambo moja: kwa nini Romeo hakuposa? Katika madhehebu ya Shafii, walii (msimamizi wa ndoa ya binti, kama babake) akimzuia binti kuolewa na kufu yake bila sababu ya kisheria, kadhi ana mamlaka ya kumwoza. Kwa hiyo wapeni nyumba zote mbili utajiri sawa, kisha mwonyeshe jinsi kuoana kwao kwa siri kulivyowafungia njia, kwani siku ileile ya ndoa Romeo anamwua Tybalt, binamu yake Juliet, na baada ya hapo hakuna mshenga ambaye angethubutu kubisha hodi kwa Capulet, babake Juliet.