Hadithi za wapelelezi wagumu wa Marekani: ipi imekukaa moyoni? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nazungumzia hadithi fupi za upelelezi za miaka ya 1920 na 1930, zile za jarida la Black Mask na mengine ya bei poa. Mpelelezi analipwa kwa siku, anapigwa, halafu asubuhi anaandika ripoti.

Naanza mimi. Nilikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja hapa Dar, mshahara unachelewa hadi miezi miwili. Mwenzangu wa lindo akaniachia kitabu kisicho na jalada, na ndani nikakuta "The Gutting of Couffignal" ya Dashiell Hammett, ya 1925. Mpelelezi hana jina, ni mnene, mfupi, wa makamo. Kapelekwa kisiwani kulinda zawadi za harusi usiku kucha, mvua inanyesha. Nikasema huyu ni mlinzi mwenzangu! Hammett mwenyewe alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, ndiyo maana kazi anaijua.

Mwishoni mrembo wa Kirusi, mmoja wa majambazi waliovamia kisiwa, anamuahidi fedha ili amwachie, kisha anajitoa yeye mwenyewe. Jamaa anakataa, anasema kazi yake anaipenda. Mwanamke anaondoka taratibu, ana hakika hawezi kupigwa risasi. Anapigwa ya mguu. Angejua tu: huyu mtu usiku uleule alimnyang'anya mlemavu mkongojo wake ili akimbizane na majambazi.

Kuna usiku mtu alikuja getini na noti zimekunjwa kiganjani, anataka nifumbe macho lori moja litoke. Nilikuwa na njaa kweli. Nilikataa. Sisemi kitabu ndicho kilichonizuia, ila wakati narudishia kufuli nilimfikiria yule mnene. Karibuni.

*

Mie niko Mombasa. Kaka, Hammett anichosha na wanawake wake, kila mzuri ni mwizi. Aliyenishika ni Raymond Chandler, "Red Wind" ya 1938. Mwanzo wake ni upepo mkavu wa Los Angeles unaowatia watu wazimu, lakini mie nilisomea lulu. Mwanamke alipewa lulu na rubani aliyempenda, rubani akafa, lulu zikaibwa. Mpelelezi azipata, agundua ni bandia. Hamwambii. Atengenezesha nyengine mbovu zaidi, ampelekea hizo, amwambia za kweli mwizi kesha kuziuza. Kisha aenda ufuoni, azirusha zile za rubani baharini moja moja.

Nyanya yangu alinituma kwa sonara nikapime bangili aliyovishwa na babu siku ya arusi. Sonara akaisugua kwenye jiwe, akatia tone la dawa, akanitazama kimya. Ilikuwa shaba. Nikarudi nikamwambia nyanya bei ya dhahabu imeanguka, tusiuze sasa. Hadithi nimeisoma miaka mingi baadaye, nikaifunga nikalia.

*

Sisi wengine tulikulia kwa Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, kwa hiyo nilipoanza Hammett nilisubiri mtanashati wa hoteli kubwa kubwa. Nikakutana na mzee mwenye kitambi anayehesabu nauli ya teksi! Ilinichukua hadithi tatu kumzoea. Sasa hivi simwachi.

*

Msimsahau Carroll John Daly, ndiye aliyetangulia, 1923, jarida hilohilo la Black Mask. Ila nawaambia ukweli, nilimsoma kwa heshima tu. Bastola nyingi, mtu hamna. Hammett alipomleta yule mnene wake mwaka uleule ukurasa mmoja ulitosha kuona tofauti: sentensi fupi, kila mtu ana sauti yake. Kwa anayeanza, aanze na huyo mnene wa kisiwani, Chandler afuate.

*

Dada wa Mombasa, nimesoma ya bangili mara mbili. Bibi alikuja kujua?

*

La, hakujua. Alifariki akiiita dhahabu yake. Mamangu alipogawa vitu vyake niliomba hiyo tu, na wenzangu wakanuna, wakidhani nimechukua kubwa. Ninayo mkononi saa hii ninapoandika.